Kilomita 20 Kabla ya Saa Moja na Nusu

Hoja ni hii: mfanyakazi wa Mpanda, mkoani Katavi, anayeishi kilomita 20 kutoka kazini anaweza kutegemea baiskeli mwaka mzima, masika na kiangazi, bila kuharibu kazi wala afya yake. Mahali ni kibanda cha fundi baiskeli, mtaa wa Makanyagio, penye benchi moja refu na madumu yaliyogeuzwa viti. Wazungumzaji nimewabuni na sikuwapa majina. Barabara, bei, mvua na jua wanavyovizungumzia ni vya kweli. Mimi ni mwenyekiti, na sitajidai kuwa sina upande.

MWALIMU: Mwenyekiti, naiunga mkono hoja. Nianze na umbali, maana ndio unaowatisha watu. Shule ninayofundisha iko kando ya lami ya Sitalike, karibu katikati ya kilomita 37 zilizopo kati ya mji huu na kijiji kile. Baiskeli ya kawaida, hii nzito ya chuma, inakwenda kilomita 15 kwa saa bila mtu kutweta. Kilomita 20 ni saa moja na dakika 20. Nchi yetu hapa ni tambarare yenye vilima vidogo, hatupandi Ufipa. Watu wanaosema haiwezekani ni wale ambao hawajawahi kujaribu zaidi ya kwenda sokoni.

BODABODA: Mwalimu, shikamoo kwanza. Haiwezekani sijasema. Nasema kwa nini uteseke? Mwaka 2010 serikali ilitoa kanuni za pikipiki kubeba abiria, tukawa halali. Kabla ya hapo watu walipanda baiskeli kwa kukosa, siyo kwa kupenda. Leo kijana akipata hela kidogo ananunua pikipiki. Hajawahi kutokea mtu aliyeuza pikipiki akanunua baiskeli kwa furaha.

FUNDI: Marahaba kwa niaba ya Mwalimu. Wewe kijana, wateja wangu wangapi ni wenzako? Pikipiki imekamatwa na mwenye mkataba, hesabu ya wiki haijatimia, anakuja hapa anaulizia baiskeli ya Phoenix iliyotumika.

BODABODA: Hao hawana furaha, mzee wangu. Ndiyo maana nikaliweka hilo neno.

FUNDI: Haya. Mimi sina upande, nina spana. Lakini nimeona mengi. Nimezikuta Raleigh za Uingereza, nikaja kutengeneza Swala zilizoundwa na kiwanda cha NABICO Dar es Salaam, sasa ni Phoenix na hizi za mitumba zenye gia. Zamani hizo halmashauri zilitoza leseni ya baiskeli, unafungiwa kibati. Usipokuwa nacho unaikimbiza baiskeli porini kama umeiba. Serikali haitozi kodi kitu kisicho na maana. Mji huu umejengwa na watu waliokuja kazini kwa miguu na kwa baiskeli tangu enzi za mgodi wa risasi, kabla haujafungwa mwaka 1960. Reli ya kutoka Kaliua ililetwa kwa ajili ya madini yale. Wachimbaji hakuna aliyewaletea basi.

Hapo nilimkatisha. Historia ya Fundi ni tamu na ni ndefu, na nesi alikuwa ametoka zamu ya usiku, macho yanamwuma.

NESI: Asante, Mwenyekiti. Mimi napinga hoja, na ninaipinga nikiwa na baiskeli yangu imeegemea mti pale. Mwalimu amepima kilomita. Apime na giza. Zamu ya asubuhi nikiingia saa 1:30, na nikitaka nafasi ya kunawa na kubadili nguo, kutoka kilomita 20 lazima niwe barabarani saa 11:50. Mwezi wa saba saa 11:50 hapa ni usiku kabisa. Mwanamke peke yake, tochi imefungwa kichwani, lori la mkaa linakuja mbele na taa kamili, nyuma yangu kuna mtu kwenye pikipiki isiyo na taa. Unanieleza kilomita 15 kwa saa!

MWALIMU: Dada, hilo nakubali. Giza—

NESI: Sijamaliza, Mwalimu. Vumbi. Sare yangu ni nyeupe. Kiangazi nikifika ni nyekundu, masika ni kahawia. Kwa hiyo nabeba sare kwenye mfuko. Tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki imepigwa marufuku, na ninaunga mkono marufuku ile, lakini hii mifuko mbadala mvua ikigusa inapitisha yote. Nimebaki na kiroba cha mbolea kilichooshwa. Nikifika, pa kubadilishia nguo ni stoo ya mafagio. Halafu mimba. Mwenzetu akifikia miezi sita, baiskeli yenu ya mwaka mzima inaishia hapo, na hakuna aliyepanga atakwendaje. Na ukielekea upande wa hifadhi ya Katavi, kuna mbung'o.

BODABODA: Mbung'o hata pikipiki wanaifukuza.

NESI: Wanaifukuza, lakini wewe unawaacha. Mbung'o anavutwa na kitu kinachotembea, na anapenda rangi nyeusi na ya bluu iliyokolea. Ndiyo maana mitego yake hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Mwendo wake unalingana na wa baiskeli. Mtu wa baiskeli mwenye koti la bluu ni mtego unaotembea, tofauti ni kwamba huu unang'atwa. Wengi wanaong'atwa hawapati malale, nisiwatishe watu, ila anayepata aina yetu ya mashariki mwa Afrika huugua kwa kasi, na asipotibiwa anakufa. Kwa hiyo ushauri wangu kwa wa Sitalike: nguo za rangi mpauko, mikono mirefu.

Niongeze neno kwa msomaji asiyeijua njia hiyo. Sitalike iko kwenye lango la kaskazini la Hifadhi ya Taifa ya Katavi, iliyotangazwa mwaka 1974 na kupanuliwa baadaye hadi kilomita za mraba zaidi ya 4,400. Mto Katuma unapita hapo na viboko wamejaa. Barabara kuu ya kwenda Sumbawanga inaikata hifadhi. Katika mjadala huu hakuna anayemshauri mtu apite ndani ya hifadhi kwa baiskeli kwenda kazini, na mimi sitamruhusu mtu kuutoa ushauri huo. Tunazungumzia upande wa Mpanda.

AFISA UTUMISHI: Mwenyekiti, naomba kuingia. Nimesikia suala la giza. Kwetu ofisini jibu ni jepesi: mtumishi anajua saa za kazi, saa 1:30 hadi saa 9:30. Namna ya kufika ni juu yake. Anayekaa mbali aamke mapema, au ahamie karibu. Mwajiri hawezi kupanga shughuli za umma kwa kufuata chombo cha usafiri cha mtu mmoja mmoja.

MWALIMU: Sasa hapo, bosi, ndipo ninapotaka kukaa kidogo. Ninafundisha jiografia, unisamehe. Saa yetu ya Tanzania imefungwa kwenye mstari wa nyuzi 45 mashariki. Mstari huo unapita Somalia na Madagaska. Ardhi ya Tanzania hauigusi popote. Dar es Salaam iko nyuzi 39. Mpanda iko nyuzi 31. Dunia inachukua dakika nne kuzunguka nyuzi moja. Zidisha nane kwa nne.

BODABODA: Thelathini na mbili.

MWALIMU: Dakika 32. Mtumishi wa Dar na mtumishi wa Mpanda wote wanatakiwa kazini saa 1:30, lakini wa Dar jua limemtokea zaidi ya nusu saa kabla yetu. Mwezi wa saba jua la Mpanda linachomoza saa moja na dakika saba hivi. Mwezi wa pili ni vilevile, karibu saa moja. Mwezi wa kumi na moja ndio linatuonea huruma, saa kumi na mbili na nusu. Vukeni ziwa muende Kalemie, au pandeni Bujumbura: saa zao ziko nyuma ya zetu kwa saa nzima, na jua ni lilelile. Wazee wa makazi ya Katumba waliokimbia Burundi mwaka 1972 wanaweza kuwahadithia walivyolazimika kusogeza mishale. Kwa hiyo Dada anapotoka nyumbani saa 11:50, mwili wake na jua wanakubaliana kwamba ni saa kumi na moja kasoro. Giza analopita ni giza la ratiba, bosi. Umbali hauna hatia.

AFISA UTUMISHI: Saa za taifa haziwezi kubadilishwa kwa ajili ya Katavi.

MWALIMU: Sijagusa saa za taifa. Nimegusa saa ya kufungua mlango.

Afisa alinyamaza, akaandika kitu kwenye kidaftari chake. Mimi niliona kwamba hoja yetu ilikuwa imegeuka mkononi. Tulianza kubishana kuhusu miguu ya watu, tukajikuta tunabishana kuhusu saa ya ukutani, na ninaamini ugomvi wa kweli uko huko. Lakini mkulima alikuwa hajasema, na kwa wakulima wa Mpanda saa ni jambo la pili.

MKULIMA: Mmezungumza lami tu. Lami! Mimi naishi Kawajense, nalima mpunga Mwamkulu. Kazi yangu iko kule, kwa hiyo mimi nami ni mfanyakazi, au mmesahau? Kiangazi, Mwalimu, naungana nawe. Kuanzia mwezi wa tano njia imekauka, ngumu, unaenda unapiga mluzi. Asubuhi ya mwezi wa sita kuna baridi na upepo, unaingia shambani mwili umeshapata moto. Wa tisa na wa kumi jua ni kali, basi unawahi kutoka. Lakini mvua ikianza Novemba, hadi Aprili, ile ardhi nyeusi ya mbuga haina urafiki. Udongo unashika tairi, unajaa kati ya tairi na madigadi, gurudumu linasimama. Unashuka, unachokonoa kwa kijiti. Hatua ishirini, limesimama tena. Mwisho unaibeba begani. Kwa hiyo kuna miezi ambayo baiskeli inanipanda mimi.

FUNDI: Ndiyo maana mwezi wa kumi na mbili nafungua madigadi za watu. Wanaziacha hapa, wanazifuata mwezi wa tano. Mgongo unachafuka, lakini gurudumu linazunguka. Na cheni: vumbi la kiangazi likikutana na oili linakuwa msasa, matope ya masika yanaleta kutu. Mtu wa kilomita 40 kwa siku aje kwangu kila mwezi, gololi zioshwe, zipakwe grisi, spoku zikazwe. Wengi wanakuja gurudumu likishakuwa yai. Na nyuma msifunge karia ya kilo mia kama mtu unakwenda kazini. Tairi za nyuma zinakufa kwa mizigo, siyo kwa umbali.

MKULIMA: Mimi nikirudi nabeba gunia, Fundi.

FUNDI: Najua. Ndiyo unanilisha.

MKULIMA: Basi ninasema hoja ivunjwe vipande viwili. Wa lami ana mwaka mzima. Wa mbugani ana miezi sita au saba. Wasukuma wamehamia kwetu na ng'ombe wao na baiskeli zao, hakuna watu wanaoijua baiskeli kama wao, na wao pia masika katika njia zile wanaziegesha.

Hili lilinigusa kuliko yote ya mchana ule. Katika mijadala ya usafiri Tanzania, neno kazini linachukuliwa kuwa ofisini. Umoja wa wapanda baiskeli wa Dar es Salaam, UWABA, umepigania kwa miaka njia salama za baiskeli katika jiji, na ni kazi njema. Lakini huko adui ni gari. Mpanda, nje ya lami, adui ni udongo, na udongo haupigwi faini.

BODABODA: Mwenyekiti, tufanye hesabu. Mnaogopa hesabu.

MWENYEKITI: Fanya.

BODABODA: Kilomita 20 kwenda, 20 kurudi. Pikipiki yangu inakula lita moja kwa kilomita 40 na ushee. Kwa hiyo lita moja kwa siku. Siku za kazi 22, lita 22. Mwalimu, bei gani?

MWALIMU: Tuchukue mwezi mbaya kuliko yote tunayoikumbuka. Agosti 2022 bei kikomo ya mamlaka ya nishati, EWURA, kwa petroli Dar es Salaam ilikuwa shilingi 3,410 kwa lita, na huku kwetu inaongezeka kwa sababu ya safari ya lori la mafuta. Tutumie hiyo ya Dar tusije tukasemwa tunatia chumvi. Inakuja 75,020 kwa mwezi. Kima cha chini cha mshahara wa serikali kuanzia Julai mwaka huo kilikuwa 370,000. Moja ya tano ya mshahara imeungua barabarani.

BODABODA: Umemaliza? Sasa muda. Wewe unatumia saa moja na dakika 20 kwenda, na hivyohivyo kurudi. Mimi natumia nusu saa. Kila siku nakushinda dakika 100. Kwa mwezi ni saa 36 na zaidi. Saa 36 mtu analima, anafuga kuku, analala!

NESI: Kulala naunga mkono.

MWALIMU: Tuiendeleze basi hadi mwisho. Ukigawa 75,020 kwa saa 36 na dakika 40, kila saa unayookoa unainunua kwa shilingi 2,000 na kidogo. Na mtu wa 370,000 kwa mwezi, siku 22 za saa nane, analipwa 2,100 kwa saa. Ni sare. Anatoa saa ya mshahara kununua saa ya barabarani. Kima cha chini kilipofikishwa 500,000 Julai 2025, saa ikawa 2,840, na hapo pikipiki inashinda kwa mafuta. Weka bei ya pikipiki yenyewe, oili, tairi, bima, na ile hesabu ya wiki uliyomsimulia Fundi. Pikipiki inarudi chini.

FUNDI: Mimi ndiye niliyemsimulia yeye.

MKULIMA: Na chakula hamjahesabu. Baiskeli nayo inakula. Petroli yake ni ugali.

Walicheka, lakini mkulima alikuwa ameshika jambo ambalo waandishi wa afya mara nyingi hulisahau. Mtu wa uzito wa kawaida akipiga pedali kwa saa moja na dakika 20 anatumia kilokalori kati ya 400 na 600. Kwenda na kurudi, tuseme 1,000. Hiyo ni kama robo kilo ya unga wa mahindi na ziada kidogo, kila siku, juu ya chakula cha kawaida. Katika mkoa unaovuna mahindi na mpunga kama Katavi, bei ya unga huo haifikii lita ya petroli. Lakini lazima uliwe. Anayetoka nyumbani saa kumi na moja na nusu tumbo tupu, akanywa chai ya rangi saa nne, hafanyi mazoezi, anajimaliza polepole.

NESI: Hapo ndipo ninapogombana na watu wa semina. Wanatuletea utafiti wa Ulaya. Ninaufahamu. Ule wa Copenhagen wa mwaka 2000, watu zaidi ya 30,000, ulionyesha kwamba wasiokwenda kazini kwa baiskeli walikuwa na hatari kubwa zaidi ya kufa, kwa karibu asilimia 40. Ule wa Uingereza wa mwaka 2017, watu zaidi ya 260,000, ukasema wanaokwenda kazini kwa baiskeli hatari yao ya kufa ilikuwa pungufu kwa asilimia 41, na saratani na maradhi ya moyo yalikuwa pungufu pia. Ni tafiti nzuri. Lakini watu wale wamekunywa maziwa asubuhi, wana njia, wana taa za barabarani, na wengi umbali wao ni mfupi kuliko wetu. Usiichukue asilimia 41 ukamvisha mlinzi wa Mpanda ambaye ametoka lindo na hajala.

MWALIMU: Lakini presha na kisukari, Dada, unavyoviona wodini ni vya nani? Siyo vya sisi tunaokaa? Mimi kabla ya baiskeli—

NESI: Ni vya wanaokaa, nakubali. Sikatai kwamba baiskeli ni dawa. Nasema dawa ina kipimo, na ina chakula chake. Asiye na chakula, asiye na usingizi, mwenye mimba kubwa, mwenye pumu msimu wa vumbi, hao msiwahubirie. Na anayeiweza, mwondoleeni giza kwanza. Duniani kote zaidi ya nusu ya wanaokufa barabarani ni waenda kwa miguu, wapanda baiskeli na wapanda pikipiki. Presha inaua polepole. Lori halina subira hiyo.

AFISA UTUMISHI: Kwenye lami kuna mabega ya barabara.

BODABODA: Bosi, bega lenyewe limejaa magunia ya mkaa yanayouzwa, malori yameegeshwa, na sisi tunasubiri abiria. Tuseme ukweli. Baiskeli inatoka kwenye bega inaingia kwenye lami kila mita mia.

AFISA UTUMISHI: Kwa hiyo wewe uko upande gani sasa?

BODABODA: Mimi niko upande wa pikipiki. Ila sipendi uongo.

Kijana huyu nilimpenda. Hakushinda hoja yake, lakini bila yeye tungebaki tunapeana sifa. Aliongeza, nikiwa nimekwisha kunyanyua mkono kufunga, kwamba maofisini gari la bosi lina kivuli cha bati na baiskeli ya mhudumu inafungwa kwa mnyororo kwenye bomba la maji, juani, tairi zinapasuka. Afisa hakumjibu. Nesi alikuwa ameanza kusinzia. Fundi alikuwa anaziba pancha ya mtoto wa shule aliyekuwa amesimama muda wote akitusikiliza, na hakumtoza.

Sasa hukumu, kwa kuwa mwenyekiti hulipwa kwa kuitoa, na mimi silipwi.

Kwa wa lami, hoja imepita. Kilomita 20 kwa njia ya lami si mzigo kwa mtu mzima mwenye afya na mlo, na hesabu ya fedha haiipi pikipiki ushindi ulio wazi kwa mshahara wa chini. Kwa wa mbugani, Mwamkulu, Kakese na kwingine kwenye ardhi nyeusi, hoja imeanguka kuanzia mvua zinapokolea hadi Aprili, na itaendelea kuanguka mpaka njia zile zinyanyuliwe na kumwagwa changarawe. Hiyo ni kazi ya TARURA, iliyoundwa mwaka 2017 kwa ajili ya barabara za aina hiyo hasa. Mkulima anayebeba baiskeli begani kwenda kulima mpunga tunaokula ana haki ya njia sawa na mtu wa ofisini.

Lakini nesi alipinga, na sababu alizotoa karibu zote haziihusu baiskeli. Giza linatokana na saa ya kufungua mlango. Sare chafu inatokana na kukosekana kwa chumba na ndoo ya maji. Hatari ya lori inatokana na bega la barabara kugeuzwa soko. Ukiviondoa hivyo, pingamizi lake linabaki kwa mjamzito, mgonjwa na mwenye njaa, na hapo yuko sahihi kabisa. Afisa aliposema namna ya kufika ni juu ya mtumishi alisema linalosemwa kila mahali, na nadhani ni kosa: mwajiri anayejenga kibanda cha gari amekwisha kuamua watu wafikeje.

Kwa hiyo ombi langu linakwenda kwa wakuu wa taasisi na waajiri wa Katavi, na kwa majirani wa Kigoma na Rukwa, ambako jua nako linachelewa. Sina haja ya kugusa saa za taifa. Kazi zisizo za dharura zianze saa 2:00 na ziishe saa 10:00. Jioni tuna mwanga wa kutosha. Jua letu linazama karibu saa moja usiku. Anayetoka kilomita 20 ataondoka saa 12:20 badala ya saa 11:50, na hata mwezi wa saba, giza la kama dakika 50 linapungua hadi 20 hivi. Wa zamu za hospitali wafikiriwe kwa namna yao, kwa sababu wagonjwa hawasubiri jua. Pamoja na hilo, kila ofisi iweke bati la kivuli, chuma cha kufungia baiskeli na chumba chenye maji. Gharama yake ni ndogo kuliko matengenezo ya gari moja.

Siku ya kuanza kulijaribu ombi hili ipo. Umoja wa Mataifa uliitangaza tarehe 3 Juni kuwa Siku ya Baiskeli Duniani mwaka 2018. Mpanda siku hiyo ni kiangazi, njia zimekauka, na jua linachomoza saa moja kamili hivi. Tunawaomba mlango ufunguliwe saa mbili.